Glavu, miwani au barakoa? Ulinganisho wa vifaa vya kinga kwa anayepulizia dawa shambani

Mkulima wa nyanya akiingia duka la pembejeo kutafuta vifaa vya kinga, mara nyingi cha kwanza anachouliza ni barakoa. Anaogopa harufu, na harufu inaingia puani, kwa hiyo pua ndiyo anayotaka kuilinda. Anatoka na barakoa mpya mfukoni na mikono mitupu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua glavu nzito za nitrili, yaani raba ya kiwandani inayohimili mafuta. Cha pili ni kinga ya macho. Barakoa inafuata, ingawa kwa dawa nyingine inapanda juu kabisa, na nitazitaja.

Sababu ni hii. Kwa mtu anayepulizia kwa bomba la mgongoni, sumu nyingi inayoingia mwilini hupita kwenye ngozi. Matone yanayotoka kwenye nozeli ya bomba la mkono ni makubwa, hutua upesi kwenye mapaja, mikono na miguu, wala hayabaki yakielea kama moshi. Suruali inalowana, bomba linavuja mgongoni, mtu anaendelea na kazi kwa kuwa haumii popote. Dawa nyingi za jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi na kloripirifosi, hupenya ngozi bila kuwasha wala kuunguza. Dalili huja baadaye: jasho jingi, mate kujaa, kichefuchefu, mboni za macho kusinyaa, kifua kubana, misuli kuchezacheza. Hapo wengi husema ni malaria au ni uchovu wa jua.

Ngozi nayo haifanani mwili mzima. Vipimo vya Marekani vilivyofanyika kwa watu waliojitolea, kwa kutumia sumu iitwayo parathioni, vikachapishwa mwaka 1971, vilionyesha kwamba ukiipa ngozi ya kigasha kipimo cha 1, kiganja kinanyonya 1.3, tumbo 2.1, ngozi ya kichwa 3.7, paji la uso 4.2, na korodani karibu 12. Zitafakari namba hizo ukimkumbuka mwanamume aliyechanganya dawa, akapangusa jasho kwenye paji la uso, kisha akaenda kujisaidia nyuma ya mti kabla hajanawa. Anayeshika dawa hunawa kabla ya kwenda haja, na baada yake pia.

Halafu kuna tofauti ambayo ndiyo inayoamua vifaa vyote: kupima na kuchanganya ni kazi moja, kupulizia ni kazi nyingine. Chukua dawa ya maji yenye gramu 480 za kiambato kwa lita moja. Ukiweka mililita 40 kwenye bomba la lita 20, umeizimua mara 500. Tone moja linalokudondokea kidoleni wakati unapima kwenye kifuniko lina sumu sawa na matone 500 ya ile inayotoka kwenye nozeli. Dakika mbili za kufungua chupa na kupima zinaweza kukudhuru kuliko saa nzima ya kutembea kwenye matuta. Na ndizo dakika ambazo watu huwa hawajavaa chochote, wakisubiri kujifunga barakoa wakianza kupulizia. Wengine hukoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Tafuta kijiti. Hakuna ushauri wa bei rahisi zaidi katika makala haya yote.

Anza na lebo, ndipo uende kwenye kifaa

Huwezi kulinganisha glavu na glavu kabla hujajua unajikinga na nini. Kwenye lebo ya kiuatilifu kilichosajiliwa, chini kabisa, kuna mkanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali ya madaraja ya Ia na Ib katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Njano ni daraja la II, buluu ni la III, na kijani ni zile zisizotarajiwa kuleta sumu ya papo hapo zikitumiwa ipasavyo. Kijani haina maana ya kunywa, wala haisemi lolote kuhusu madhara ya miaka mingi.

Ndani ya mkanda huo kuna vipicha vidogo: glavu, buti, ngao ya uso, kifaa cha kupumulia, bomba la maji ya kunawa. Wengi huviona kama mapambo. Kwa mpangilio uliopendekezwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vipicha vya upande wa kushoto vinahusu kushika dawa nzito kabla ya kuchanganya, na vya upande wa kulia vinahusu kupulizia. Ukiona ngao ya uso iko kushoto na haipo kulia, umeambiwa waziwazi uivae wapi na uivue lini. Hata asiyejua kusoma anaweza kununua vifaa vyake kwa kufuata picha hizo tu.

Angalia pia herufi zinazofuata jina la dawa. EC ni dawa iliyoyeyushwa kwenye mafuta au kiyeyushi, ndiyo inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Hii ndiyo inayopenya ngozi na glavu upesi kuliko nyingine. SC ni chembechembe zilizochanganywa na maji, haina ukali ule wa kiyeyushi kwa glavu. WP ni unga, na hapo pua inapanda daraja, kwa sababu ukichana pakiti ya kiuakuvu cha mankozebu siku yenye upepo, vumbi linakujia usoni moja kwa moja. WG ni chenga; inatimua vumbi kidogo zaidi. Kama dawa ileile ipo kwa unga na kwa chenga na bei zinakaribiana, chukua chenga. Umejikinga kabla hujavaa kitu.

Glavu: hapa ndipo pa kutumia fedha

Glavu inaweza kupitisha kemikali bila kutoboka. Molekuli hujipenyeza kwenye raba polepole na kutokea upande wa pili, na jicho halioni kitu. Tarehe 14 Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, alidondokewa na matone machache ya zebaki ya dimethili juu ya glavu ya latexi. Alikuwa bingwa wa madini yenye sumu, na glavu alikuwa amevaa. Alifariki Juni 8, 1997. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba kemikali ile ilipenya aina ile ya glavu kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Mkulima hatakutana na zebaki ya dimethili, lakini kanuni ni ileile: glavu isiyolingana na kemikali inakupa ujasiri wa kushika kile ambacho ungekikwepa kwa mkono mtupu.

| Glavu | Inapofaa | Inapokwama |
|---|---|---|
| Nitrili nzito, ndefu hadi kwenye kigasha | Dawa nyingi za shambani, zikiwemo EC zenye mafuta | Asetoni na viyeyushi vya jamii yake |
| Neoprini | Dawa nyingi, asidi, magadi makali | Hupatikana kwa shida madukani |
| PVC | Dawa za maji, asidi, magadi makali | Viyeyushi. Hukakamaa na kupasuka mikunjoni |
| Raba asilia (za kuoshea vyombo) | Sabuni, dawa za maji kwa muda mfupi | Mafuta na viyeyushi: hulainika, huvimba |
| Nitrili nyembamba za hospitali | Kurekebisha nozeli kwa muda mfupi, kisha kutupa | Kazi yoyote ndefu, huchanika |
| Ngozi au kitambaa | Hakuna | Hunyonya sumu na kuishikilia |

Mstari wa mwisho haufai kupitwa haraka. Wapo wanaovaa glavu za ngozi za fundi wa kuchomelea, au zile za kitambaa zenye vidoti vya raba, wakiamini kitu kizito ndicho kigumu. Ngozi ikishaloa dawa haioshiki. Kesho unaivaa ikiwa kavu, jasho la kiganja linaiamsha sumu ya jana, na unafanya kazi saa tatu mkono ukiwa umefungiwa pamoja na kile ulichokuwa unakikimbia. Kuliko hizo, ni heri mikono mitupu na ndoo ya maji na sabuni pembeni.

Kati ya nitrili nzito na PVC, ushindani ni wa kweli. PVC hupatikana kwa urahisi, na kwa dawa za SC na WP inatosha. Ila wakulima wengi hawana dawa moja. Wiki hii wanapulizia kiuakuvu cha unga, wiki ijayo EC ya viwavi. Glavu ile moja itakutana na zote mbili, na EC itaishinda. Kwa hiyo nachagua nitrili hata kama ina bei zaidi. Unene uwe walau milimita 0.38, na urefu uvuke kifundo cha mkono kwa kiasi kikubwa, sentimita 30 au zaidi kutoka ncha ya kidole.

Ukiishika mkononi dukani, tafuta alama. Kiwango cha EN ISO 374-1 kinazigawa glavu za kemikali katika aina tatu. Aina A imehimili walau kemikali sita za majaribio kwa dakika 30 au zaidi kila moja. Aina B imehimili tatu kwa muda huohuo. Aina C imehimili moja kwa dakika 10. Chini ya mchoro wa chupa ya maabara kuna herufi zinazotaja kemikali zenyewe: J ni heptani, inayowakilisha mafuta mepesi; K ni magadi makali ya asilimia 40; L ni asidi ya salfyuriki ya asilimia 96; T ni fomalini. Kwa dawa za EC napenda kuiona J. Wenzetu wanaotengeneza sabuni kwa magadi makali watafute K, na wao macho yao ndiyo yaliyo hatarini kuliko hata mikono. Kuna kiwango kingine kilichotungwa mahususi kwa wapulizaji viuatilifu, ISO 18889 cha mwaka 2019: G1 ni kwa hatari ndogo, G2 kwa hatari kubwa ikiwemo dawa nzito, na GR ni kwa anayeingia shambani baada ya dawa kukauka. Ukiipata yenye G2, usiulize zaidi.

Glavu isiyo na alama yoyote, hata iwe nene vipi, hujui imetengenezwa kwa nini.

Namna ya kuvaa inabadilika na zao. Ukipulizia chini, kwenye vitunguu au kabichi, mikono ya shati ikae juu ya glavu ili dawa iteleze nje. Ukipulizia juu, kwenye miembe au mikahawa mirefu, glavu ikae juu ya shati na ncha yake ikunjwe nje kidogo, la sivyo dawa itatiririka hadi kwapani. Kabla ya kila kazi ijaze hewa au maji, ikamue, uone kama inavuja. Ukimaliza, oshea glavu ikiwa bado mkononi, kwa sabuni, ndipo uivue. Anayeivua chafu kwa kuivuta vidole anahamisha sumu yote kwenye mkono wa pili.

Macho: mashindano mafupi

Miwani ya jua haimo kwenye ulinganisho huu. Dawa inaingia kwa juu na pembeni. Miwani ya kusomea vivyo hivyo. Zinazobaki ni mbili: miwani ya kinga iliyoziba pande zote, na ngao ya uso ya plastiki angavu.

Kwa kupima na kuchanganya, ngao inashinda. Inakinga macho, paji, midomo na mashavu kwa pamoja, haifungi joto, haijai ukungu, na anayevaa miwani ya kusomea anaivaa bila shida. Kwa kupulizia juu ya kichwa, au penye upepo unaogeukageuka, miwani ya kuziba inashinda, kwa sababu ukungu wa dawa hupanda chini ya ngao. Chagua yenye matundu ya hewa yaliyofunikwa. Zile za fundi seremala zenye vitundu vilivyo wazi hupitisha matone. Kwenye fremu, kwa kiwango cha EN 166, tafuta namba 3, ambayo ni alama ya vimiminika.

Na galoni la maji safi liwe karibu na mahali pa kuchanganyia, si nyumbani. Dawa ikiingia jichoni, maji yatiririke kwa dakika 15 mfululizo, na hakuna miwani inayochukua nafasi ya hayo.

Pumzi: vitu vinne vinavyoonekana kufanana

Kitambaa au khanga iliyofungwa puani ni kitu kibaya, na sisemi kwa kuwadharau wanaoitumia kwa kukosa kingine. Kitambaa kinaloa ukungu wa dawa, kisha unapumua kupitia hicho asubuhi nzima, kimegusa midomo. Ukiwa huna kitu, upe upepo mgongo, pulizia ukirudi nyuma, uache kitambaa.

Barakoa za hospitali, zile zilizojaa majumbani tangu siku za korona, zilitengenezwa kuzuia mate ya anayezivaa yasimfikie mwingine. Hazishiki pembeni. Kwa vumbi la dawa hazitoshi, kwa mvuke hazina kazi.

Barakoa ya kuchuja chembe yenye alama ya Ulaya ya FFP2, au N95 ya Marekani, ni hatua ya kweli. FFP2 huchuja walau asilimia 94 ya chembe za majaribio, N95 asilimia 95, FFP3 asilimia 99. Kwa kuchanganya dawa ya unga ndiyo chaguo langu: nyepesi, na inapatikana hata maduka ya dawa za binadamu. Ila lijue pengo lake: ni wavu wa chembe, na mvuke hupita. Ukivaa FFP2 na bado unanusa dawa, haijaharibika. Harufu ni gesi, nayo haikuumbwa kuzuia gesi. Herufi N kwenye N95 ina maana haihimili mafuta, kwa hiyo kwa dawa za EC ni heri R95 au P95, zinazohimili mafuta. Ikiandikwa NR, ni ya zamu moja ya kazi, isirudiwe wiki ijayo.

Kifaa cha raba kinachofunika pua na mdomo, chenye vichujio viwili pembeni, ndicho kinachokinga mvuke na chembe kwa pamoja, kikiwa na kichujio sahihi. Hapa rangi zinawachanganya hata wauzaji, kwa sababu sokoni kuna bidhaa za Ulaya na za Marekani kwenye rafu moja. Kwa mfumo wa Ulaya, mvuke wa viyeyushi ni kahawia, herufi A, na chembe ni nyeupe, herufi P. Kwa mfumo wa Marekani, mvuke huo ni mweusi, na nyeupe ni gesi za asidi. Mtu aliyezoea nyeupe ya Ulaya akinunua nyeupe ya Marekani amejikinga na kitu kingine kabisa. Soma herufi kwanza. Kwa kupulizia, kinachofaa ni A2P3, au walau A1P2: mkaa wa kushika mvuke na karatasi ya kushika matone kwa pamoja. Mkaa peke yake bila P hauzuii matone.

Ubaya wake ni joto, bei, na vichujio vinavyoisha. Kanuni za Marekani za kulinda wafanyakazi wa mashambani zinataka kichujio cha mvuke kibadilishwe baada ya jumla ya saa nane za matumizi kama hakuna maelekezo mengine. Ukinusa dawa ndani yake, kimekwisha hata kama saa hazijafika. Usikitundike kwenye msumari ghalani penye dawa. Mkaa unaendelea kunyonya usiku kucha. Kifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Ndevu nazo lazima zisemwe. Kifaa hiki, na hata FFP2, kinafanya kazi pale tu ukingo unapogusa ngozi. Kwa mwenye ndevu, hewa hupita pembeni bila kuchujwa. Ambaye hanyoi kwa sababu za dini au kwa hiari yake asijidanganye kwamba amekingwa. Achague dawa isiyohitaji kifaa cha pumzi, au kazi hiyo ifanywe na mwingine. Kujipima ni rahisi: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi, raba inyonywe na kukaa usoni. Ikipitisha hewa, kaza au badilisha saizi.

Naongeza onyo moja lililo nje kidogo ya shamba. Vidonge vya alumini fosfidi vya kuhifadhia mahindi hutoa gesi ya fosfini. FFP2 haiizuii, wala kichujio cha kahawia hakikuthibitishwa kwa gesi hiyo. Hakuna kifaa ninachokipendekeza hapo kwa mtu wa kawaida: vidonge hivyo visitumiwe kamwe kwenye nyumba wanamolala watu, na ufukizaji ufanywe na aliyefunzwa.

Mwili na miguu

Chaguo maarufu ni matatu. Ovaroli ya pamba nzito. Vazi jeupe la karatasi ya plastiki la kuvaa na kutupa. Na koti la mvua.

Koti la mvua na suruali yake vinazuia majimaji kuliko vyote, na vinampika aliyevaa. Saa nne asubuhi bonde la Mang'ola au tambarare za Mwea, mtu aliyefungwa plastiki na kubeba bomba la lita 20 yuko karibu na kuzimia kwa joto kuliko kwa sumu. Atakachofanya ni kuvua. Kifaa ambacho utakivua katikati ya kazi ni kibaya kuliko kile cha wastani utakachokivaa hadi mwisho. Nakiweka koti la mvua kwa kazi fupi tu, na kabla jua halijapanda.

Vazi jeupe lina madaraja yake: Aina ya 3 huhimili mchirizi wa nguvu, Aina ya 4 mnyunyizo, Aina ya 5 vumbi, Aina ya 6 mrushio mwepesi. Mengi yanayouzwa ni 5 na 6. Yanafaa kwa unga na kwa kupulizia mazao mafupi, si kwa kutembea ndani ya migomba au nyanya zilizosimikiwa miti ambako majani yanakupangusa kila hatua. Nayo hayafuliki, yakichanika mapajani, yamekwisha.

Kwa mkulima mdogo, chaguo langu ni ovaroli ya pamba iliyosokotwa vizuri, mikono mirefu, ikiwa na aproni ya plastiki au PVC mbele wakati wa kuchanganya. Kisha aproni hiyohiyo igeuzwe mgongoni wakati wa kupulizia, kati ya ngozi na bomba, kwa sababu mgongo ndiko bomba linakovuja. Pamba ikiloa hadi ndani, kazi isimame na ovaroli ivuliwe. Ivaliwe kwa kupulizia tu, ifuliwe peke yake siku hiyohiyo, na anayeifua avae glavu. Mke au binti anayefua nguo hizo beseni moja na nepi za mtoto hayupo kwenye picha za lebo, lakini sumu inamfikia.

Buti hazina mjadala mrefu: gambuti za raba au PVC, zisizo na kitambaa ndani, suruali ikae nje ya buti. Ukiichomeka suruali ndani, dawa itatiririka hadi kwenye nyayo. Viatu vya ngozi ni sawa na glavu za ngozi. Kofia yenye ukingo mpana na iwe ya kitu kinachooshika. Kapelo ya kitambaa inashikilia dawa kwenye paji la uso, na umeziona namba za paji.

Nani anunue nini

Mwenye nusu ekari anayejipulizia mwenyewe mara chache kwa msimu: nitrili nzito, ngao ya uso, gambuti, ovaroli ya pamba, aproni. FFP2 ziwepo kwa dawa za unga. Kifaa cha vichujio hakimlazimu iwapo atabaki kwenye dawa za mkanda wa buluu na kijani na kupulizia asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia. Fedha ikibaki, abadilishe vali na mpira wa bomba linalovuja kabla ya kununua vazi la kupendeza.

Kibarua anayepulizia mashamba ya watu ni jambo jingine kabisa. Yeye hagusi dawa mara chache. Anaigusa siku kwa siku, na mara nyingi haambiwi ni dawa gani. Huyu anahitaji kila kitu: jozi mbili za glavu ili moja ikauke, miwani ya kuziba na ngao, kifaa cha A2P3 chenye vichujio vya akiba, ovaroli mbili. Na anahitaji kuiona lebo. Asikubali dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, kwa kuwa akizidiwa, daktari ataanza kwa kubahatisha. Aliyeondoka shambani akitapika au akitetemeka apelekwe hospitali pamoja na lebo yenyewe.

Gharama hiyo si ya kibarua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ya Tanzania, na ile ya mwaka 2007 ya Kenya, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa. Mashamba makubwa ya maua yanalijua hilo. Mwenye ekari tatu za vitunguu anayeita vijana wanne wapulizie kwa malipo ya siku naye ni mwajiri, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Akihesabu mbegu, mbolea, maji na dawa, aihesabu na kinga humohumo.

Kuna wakati jibu la ulinganisho ni kutonunua kifaa chochote kati ya hivi. Kanuni za kimataifa za FAO na WHO kuhusu usimamizi wa viuatilifu zinasema katika ibara ya 3.6 kwamba viuatilifu vinavyohitaji vifaa vya kinga visivyo na starehe, vya gharama kubwa au visivyopatikana kwa urahisi viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa mashambani katika nchi za joto. Hao ndio sisi. Kwa hiyo ukikuta kipicha cha kifaa cha kupumulia kwenye lebo, na duka halina kifaa hicho, au kipo na huwezi kukimudu, irudishe chupa kwenye rafu. Mwulize muuzaji dawa nyingine ya mdudu huyohuyo yenye mkanda wa buluu au kijani, na uhakikishe ina namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Akisema hana, nenda duka la pili, au mwone bwana shamba kabla hujalipa.